Vidonge vya mama vimebadilika rangi: nitajuaje famasi yetu ni salama?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 67, ana presha na sukari. Kliniki wamemwandikia amlodipini ya miligramu 5 na metformini ya miligramu 500. Kila mwezi namnunulia famasi moja hapa Mbagala, nzuri tu, ina vioo na kiyoyozi. Wiki hii nilikuwa kazini nikamtuma mdogo wangu. Karudi na bahasha ya kaki, ndani vipande vya stripu vilivyokatwa kwa mkasi, nje kumeandikwa "1x1" kwa kalamu, basi. Mama kakataa kuvimeza vya presha, anasema vyake ni vyeupe na hivi vina rangi ya waridi. Nikapiga simu famasi, kijana akanijibu ni dawa ileile, kampuni tofauti. Nimwamini? Na mtu wa kawaida kama mimi anaijuaje famasi ya kuaminika? *Msomaji, Dar es Salaam*

Jibu: Marahaba mwanangu. Kwanza, mimi si daktari, ni mfamasia. Najua mitaani kila anayesimama kwenye kaunta ya dawa ni "daktari", hata kijana aliyeajiriwa juzi kupanga maboksi, na mazoea hayo yamo ndani ya tatizo uliloniandikia.

Mama amefanya sawasawa kukataa. Asivimeze mpaka vijulikane ni nini. Kama ana mabaki ya mwezi uliopita, aendelee nayo. Kama hana, nenda leo, usingoje Jumatatu: beba bahasha hiyo, beba stripu au boksi la zamani, beba na cheti cha kliniki. Amlodipini hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo kuchelewa dozi moja hakuna hatari kama ya kumeza kidonge usichokijua. Lakini pia asikae siku nne bila dawa kwa sababu ninyi na famasi mmenuniana. Ukifika kaunta usigombe. Sema tu: "Naomba unionyeshe boksi ilikotoka hii." Boksi litaletwa au halitaletwa, na hapo utakuwa umeshajibiwa nusu ya swali lako.

Ikitokea mtu ameshameza kidonge kama hicho, halafu akatokwa jasho jembamba, akatetemeka, akaanza kuongea mambo yasiyoeleweka, fikiria sukari imeshuka. Zipo dawa za kisukari zenye nguvu ya kuishusha sana, hasa kwa wazee. Kama anaweza kumeza, mpe soda yenye sukari au maji ya sukari, kisha hospitali. Akisinzia kupita kawaida, au akisimama anapepesuka, hospitali vilevile. Bahasha iende naye.

Sasa turudi kwa kijana. Alichokuambia kinawezekana kabisa. Rangi ya kidonge haiponyi chochote. Ni uamuzi wa kiwanda. Amlodipini ya kiwanda hiki ni nyeupe, ya kiwanda kile ina rangi, na zote zikiwa zimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, zinafanya kazi moja. Famasi hubadilisha kampuni kila mara kwa sababu ya bei ya jumla au kwa sababu mzigo umekwisha kwa msambazaji. Hilo si kosa. Kosa ni kwamba mama hakuambiwa. Mtu anayemeza kidonge kilekile kila asubuhi kwa miaka anakijua kwa macho kama anavyoyajua mashina ya viazi vyake, na ukimbadilishia kimyakimya utapata mojawapo ya mawili: ataacha kumeza, au atavimeza vyote viwili, vya zamani na vipya, akidhani kaongezewa dawa. La pili nimelikuta zaidi ya mara moja.

Kosa kubwa zaidi ni bahasha. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo kiini cha swali lako hata kama hukulitaja hivyo.

Kukata stripu si uhuni. Watu wetu hununua dawa kwa hela iliyopo mfukoni. Mtu ana elfu mbili, dawa ya mwezi ni elfu sita, utamwambia nini? Utamkatia vidonge vya siku kumi, na bora hivyo kuliko akose kabisa. Ila chukua stripu yoyote iliyopo nyumbani, igeuze nyuma, uangalie. Jina limerudiwarudiwa kwenye karatasi yote ya fedha, lakini namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda zimegongwa mahali pamoja, mara nyingi kwenye ukingo wa upande mmoja. Anayekata anatakiwa aanzie upande wa pili, ile tarehe ibaki hadi kidonge cha mwisho. Muuzaji asiye na mafunzo hukata popote mkasi unapoangukia. Mteja wa kwanza anaondoka na tarehe, wanaofuata wanapata vidonge yatima, na kipande kinachobaki kwenye droo hakuna ajuaye kitaisha lini. Miezi sita baadaye kitauzwa vilevile.

Kwa hiyo ukikatiwa, bahasha ndiyo inabeba kazi ya boksi. Iandikwe jina la mgonjwa, jina la dawa, miligramu zake, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda, na namna ya kumeza kwa maneno: "kimoja kila siku asubuhi". Hiyo "1x1" tunaielewa sisi tuliosoma maana yake. Nimewahi kumkuta bibi aliyeandikiwa "2x3" kwa dawa nyingine, akawa anameza vidonge viwili kwa siku tatu halafu anaacha. Alikuwa amesoma vizuri kabisa kilichoandikwa. Hakuna aliyemweleza kuwa ni viwili mara tatu kwa siku.

Na yale makopo ya vidonge 1,000, yasiyo na stripu? Yapo, halali. Angalia tu vinahesabiwaje. Pana kisahani cha kuhesabia na kijiko chake bapa. Ukiona mtu anamimina kiganjani, kiganja hichohicho kilichopokea noti ya mteja aliyepita, chukua hela yako uondoke.

Nikueleze kitu kimoja cha kwangu, usije ukadhani nimeshuka na mbawa. Miaka mingi nyuma, kwenye famasi ya mjini nisiyoitaja, umeme ulikatika saa moja jioni, jenereta halina mafuta, tukawa tunahudumia kwa tochi ya simu. Foleni ndefu. Mzee mmoja mstaafu kanipa cheti: amlodipini. Rafu zetu tulizipanga kwa alfabeti, jambo lililotupendeza sana wakati ule. Nikanyoosha mkono kwenye herufi A, nikashusha boksi, nikahesabu, nikamkabidhi. Mzee akasogea mlangoni penye mwanga wa barabarani, akarudi taratibu. "Bwana mdogo, za kwangu huwa hazina rangi." Nikamulika. Amitriptilini. Ile ni dawa ya sonona na maumivu ya neva. Kwa mzee wa presha ingemlaza usingizi, ingemkausha mdomo, angesimama usiku kwenda msalani akaanguka. Maboksi mawili yaliyopakana, majina yanaanza na herufi mbili zilezile, na mimi nimechoka.

Kilichomwokoa ni jicho lake. Mimi nilikuwa mtaalamu mwenye cheti ukutani. Tangu siku ile, popote nilipofanya kazi, amlodipini na amitriptilini hazikai jirani. Metformini na metronidazoli vilevile: moja ya sukari, nyingine ya kuua vijidudu vya tumboni, na majina yake yanavyofanana, mwandiko wa daktari ukiwa mbaya huwezi kutofautisha. Na nikaanza mazoea ya kulifungua boksi mbele ya mteja, kusoma jina kwa sauti, halafu kuuliza: "Hii wewe unatumia kwa ajili gani?" Akijibu "presha" na mimi nimeshika dawa ya presha, tunaendelea. Inachukua sekunde kumi. Ikiwa mko wawili kazini, anayetoa dawa rafuni si anayekabidhi. Wa pili anakagua upya dhidi ya cheti.

Sekunde hizo kumi ndizo nitakazokwambia uzitazame kabla ya vioo na kiyoyozi. Je, waliuliza dawa ni ya nani? Waliuliza kama mama anatumia dawa nyingine, kama figo zake zimewahi kupimwa? Metformini na figo mbovu havikai pamoja. Mdogo wako alipofika bila cheti, kuna aliyejali, au walichukua hela na kumpa bahasha?

Kiyoyozi nacho kina kazi yake, simaanishi ni pambo. Dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30 au chini ya 25. Dar es Salaam mwezi wa pili nje panapita 30 kwa urahisi, na ndani ya fremu iliyoezekwa bati bila dari usiulize. Dawa iliyopikwa hivyo miezi mitatu haitakuonyesha kitu kwa nje. Inapungua nguvu tu, presha inakataa kushuka, daktari anaongeza dozi. Kwa hiyo tazama kama pana kipimajoto ukutani. Kisha, ukiweza, tazama daftari lake. Joto huandikwa asubuhi na jioni. Nilikagua famasi moja ambayo daftari la friji lilikuwa safi ajabu: mwezi mzima nyuzi 5, asubuhi 5, jioni 5, kalamu ileile, mwandiko uleule, bila hata kufutafuta. Friji halina tabia hiyo, hasa kwa umeme wetu. Daftari la kweli lina 4, lina 6, lina siku iliyoandikwa 9 na maelezo pembeni kwamba umeme ulikatika saa ngapi na dawa zilihamishiwa wapi.

Friji la dawa linatakiwa likae kati ya nyuzi 2 na 8. Nalitaja kwa sababu ya sukari ya mama. Leo yuko kwenye vidonge, kesho anaweza kuandikiwa insulini. Ikigandishwa imeharibika, hata ukiiyeyusha. Ukiona kwenye friji la famasi insulini imeegemea sehemu ya barafu, au imewekwa mlangoni kunakofunguliwa kila dakika, au imelala pamoja na soda na sufuria ya wali wa mhudumu, hapo usiinunue. Nyumbani, kichupa kilichokwisha kufunguliwa huweza kukaa nje ya friji kama wiki nne, mradi pasizidi nyuzi 30, na wasio na friji hukiweka ndani ya chungu kilicholoweshwa maji, kivulini. Chungu hupoza kweli, si imani ya kizamani.

Umeniuliza mtu wa kawaida afanyeje kujua. Ukutani panatakiwa paonekane usajili na kibali cha Baraza la Famasi, lile lililopo chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, na jina la mfamasia msimamizi. Angalia na tarehe, kibali kisiwe cha mwaka juzi. Halafu uliza kwa adabu: "Mfamasia yupo?" Hili ni jeraha letu wenyewe na halipendezi kulisema: wapo wafamasia wanaokodisha cheti. Jina liko Mbagala, mwenye jina yuko mkoa mwingine anapokea posho ya mwezi. Hao ni wafamasia wa kwenye fremu ya picha. Si lazima umkute kila dakika, fundi dawa sanifu aliyesajiliwa anaweza kukuhudumia vizuri tu, lakini ukiuliza mara tatu kwa siku tofauti ukaambiwa "katoka kidogo", umeshaelewa.

Usichanganye famasi na duka la dawa muhimu. Maduka hayo yalianzia Ruvuma mwaka 2003, yakachukua nafasi ya yale ya dawa baridi, na wazo lake lilikuwa zuri: kijijini hakuna mfamasia, basi mfunze mtoa dawa, mpe orodha ya dawa anazoruhusiwa, mkague. Nimeona mtoa dawa wa duka la kijijini anayeandika bahasha vizuri kuliko famasi za mjini zenye vioo. Tatizo linaanza duka linapouza nje ya orodha yake, na wateja ndio wanaolisukuma huko.

Sasa dawa yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja ya tiba kati ya 10 ni duni au bandia. Kwa macho utagundua zile za kijinga: jina limekosewa herufi, tarehe ya boksi haifanani na ya stripu iliyo ndani, kidonge kinavunjika vumbi, sharubati ina mashapo yasiyochanganyika. Ukikuta alama ya GOT kwenye dawa inayouzwa famasi ya mtu binafsi, hiyo ni dawa ya Serikali iliyopaswa kuwa hospitalini, imeibwa. Lakini bandia iliyotengenezwa kwa ustadi haionekani kwa jicho, langu wala lako. Inahitaji maabara. Kinachokulinda ni njia iliyopita: famasi ilinunua kwa msambazaji anayetambulika, ina ankara, na ankara ina namba ya toleo.

Ndiyo maana nilishikilia namba hiyo. Mwaka 2022 nchini Gambia watoto walianza kufa kwa figo kushindwa kazi. Oktoba mwaka huo Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari juu ya sharubati nne za kikohozi na mafua zilizokutwa na dayethilini glaikoli na ethilini glaikoli, kemikali za viwandani ambazo hazitakiwi kuingia mdomoni mwa mtu. Watoto wasiopungua 66 walikuwa wamekufa. Jambo kama hilo likitokea, mamlaka hutangaza: dawa fulani, namba ya toleo fulani, irudishwe. Famasi nzuri inafungua ankara zake, inatoa makopo rafuni, inawapigia wateja wa kudumu. Sasa wewe mwenye bahasha ya kaki ya "1x1", tangazo likisomwa redioni jioni, utajuaje kama linakuhusu? Utaitazama bahasha, nayo itakutazama.

Bei sitakuchosha nayo. Dawa ya bei ndogo si lazima iwe mbaya, amlodipini ni dawa ya zamani na viwanda vingi vinaitengeneza. Bei iliyo chini mno kuliko famasi zote za jirani ndiyo ya kuuliza, tena uliza wazi ilikotoka.

Kuna kipimo kingine watu hukisoma kinyume. Ukienda kuomba antibayotiki kwa mafua, ukaambiwa "Mwanangu, hapana, kamwone daktari kwanza", usiondoke ukisonya. Wamekataa hela yako ili usiharibikiwe. Famasi inayokupa kila ulichotaja, dozi nusu, bila swali, itampa na mama yako chochote.

Usitupe bahasha hiyo hata ukishapewa dawa nyingine. Wakikataa kukuonyesha boksi, au ikibainika si amlodipini, piga picha vipande pande zote mbili, andika tarehe na saa mdogo wako aliponunua, kisha peleka taarifa kwa mfamasia wa wilaya au ofisi ya TMDA ya kanda. Mwenendo wa famasi yenyewe ni wa Baraza la Famasi. Kama mama alikuwa amemeza akapata maudhi yoyote, ipo fomu ya njano ya kuripoti, hospitali yoyote wanayo, na mtoa huduma akujazie pale pale. Usione haya kwamba ni majirani zako. Wakaguzi hawawezi kuingia kila fremu kila mwezi. Wanategemea mtu aliyekuwa na bahasha mkononi.

Na kama ni amlodipini kweli, kampuni nyingine tu, mwambie kijana akuandikie kila kitu juu ya bahasha mbele yako, toleo na tarehe vikiwa vimenakiliwa kutoka kwenye boksi. Vya zamani na vipya visikae chombo kimoja. Mkalishe mama mchana, mweke kidonge cheupe na cha waridi kiganjani, mwambie ni dawa moja na atameza kimoja tu kwa siku. Baada ya wiki mbili mpeleke akapimwe presha, uniandikie ilisomaje.